Maiki Yangu Inasikia Mpaka Madeni ya Majirani

Mimi na umaskini hatuna ugomvi, tumeshazoeana. Kinachoniuma ni kwamba kila nikijibana nikaongeza kifaa kwenye studio yangu, wanaofaidi ni wapangaji wenzangu. Wao ndio wanaozidi kusikika vizuri.

Naiita studio ili nijipe moyo. Ni chumba cha futi kumi kwa kumi, nyumba ya vyumba sita huku Mbagala, korido katikati, bomba uani, na kuta ambazo fundi alizichoka kabla hazijafika kwenye bati. Dari hakuna. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, cha sita wanakuombea afya. Mchana natoa kopi za vyeti vya watu kwenye duka la steshenari, usiku ni prodyuza. Mteja wangu mkubwa ni dogo mmoja muuza juisi ya miwa. Anaimba vizuri sana, analipa vibaya sana.

Tulianza na simu. Naiweka juu ya ndoo, dogo anaimba, kwisha. Na simu ilikuwa na hekima yake: inasikia mdomo ulio karibu, mengine inayapuuza, kama mume aliyeoa siku nyingi. Sikujua kuwa ile ndiyo iliyokuwa raha. Akapita mjuaji mmoja akasikiliza, akakunja uso. "Braza, hii vokali kama mtu kaimba ndani ya pipa. Tafuta maiki ya kondensa."

Nikaenda Kariakoo. Shilingi 65,000, na kwenye boksi kuna picha ya dada wa Kizungu anaimba mpaka mishipa imemtoka. Nikafika nyumbani nikachomeka kwenye laptopu, nikaita "alo, alo". Kilichotoka ni sauti ya mtu anayenong'ona akiwa Kigamboni. Kumbe kondensa halifanyi kazi sawasawa mpaka lipate umeme wake, volti 48, na tundu la laptopu linatoa volti chache tu za kuonjesha. Inabidi uwe na saundi kadi, kile kiboksi kinachokaa kati ya maiki na laptopu, yenye kitufe cha 48. Dukani hakuna aliyelisema hilo. Ni sawa na kuoa, halafu siku ya tatu wanashuka watoto wanne kwenye bajaji wanakuita baba.

Saundi kadi ya mtumba nikaipata kwa 120,000, kwa mafungu matatu. Fungu la pili lilikuwa hela ya sare ya shule. Mama watoto hajasahau. Hata tukizungumzia bei ya nyanya, mazungumzo yanapinda kidogo kidogo mpaka yanafika kwenye sare.

Basi nikabonyeza 48. Taa nyekundu ikawaka. Nikavaa hedifoni.

Wallahi nilivua.

Nikavaa tena. Nilisikia bomba la uani linadondosha tone. Nilisikia mama wa chumba cha tatu anageuza chapati, tena siyo kikaango, ni mafuta yenyewe yakilalamika. Chumba cha tano mtu alikuwa anaombwa msamaha na bado hajakubali. Na jamaa wa chumba cha nne, yule mwenye kutembea kifua mbele, nikagundua amekopa kausha damu kwa mtu yuleyule anayenidai mimi! Kesho yake tulipokutana korido nikamsalimia kwa upole mno, akashtuka.

Utando wa kondensa ni mwembamba kupita kiasi, ukitikiswa na chochote unaripoti. Nimetoa 185,000 kununua mbea.

Ushauri haukukawia. "Bandika trei za mayai ukutani." Nani asiyezijua trei za mayai? Kila studio ya uchochoroni imevaa trei za mayai. Nikafanya hesabu: ukuta mmoja unakula trei zaidi ya 80. Wiki tatu nazunguka kwa wauza chipsi jioni naomba trei kama mtu anayeomba mchango wa harusi. Mmoja akaniuliza kwa huruma kama nina kuku wangapi. Nikabandika kuta mbili, gundi ikaisha, mende wakahamia, chumba kikawa na harufu ya viza. Nikavaa hedifoni. Chapati palepale. Msamaha palepale, na safari hii akaukubali.

Ndipo nikaelezwa, baada ya kazi kuisha kama kawaida ya wajuaji, kwamba kinachozuia sauti kupita ni uzito, na trei ni karatasi. Zinatawanya kidogo zile sauti nyembamba, basi. Na hata ningejenga ukuta wa zege, majirani zangu wanapitia juu, pale fundi alipochoka.

Halafu kuna besi. Chumba cha mraba ni mkosi. Mita tatu huku, mita tatu huku, besi ya karibu na hezi 57 ikiingia inajirudia kuta zote nne kwa pamoja, inavimba. Mimi nasikia ngoma inanguruma, naipunguza, naipunguza tena, nalala nimeridhika. Asubuhi wimbo unapigwa kwenye bajaji ya mshikaji: ngoma nzima inasikika kama mtu anagonga kidumu cha plastiki. Siku hizi nikimaliza kumiksi nausikiliza mlangoni, uani, na kwenye redio ya mangi wa dukani. Mangi ameanza kutoa maoni. Anataka kinanda kiongezwe.

Mjuaji akarudi. "Ungenunua dainamiki, braza. Ile haisikii vya mbali." Ungenunua! Kuna maiki ya dainamiki iitwayo Shure SM58, ilitoka mwaka 1966 na mpaka leo iko majukwaani. Miaka yote hiyo imekuwepo duniani, na wewe umesubiri niuze sare ndiyo unitajie?

Kwenye programu ya kurekodia, namshukuru Mungu, sijaumia. Natumia Reaper. Wanakupa siku 60 za kuijaribu, na zikipita inaendelea kufunguka, ila kwanza inakukumbusha kistaarabu kwamba hujalipa. Kila usiku nasoma ule ukumbusho, naona aibu, nasubiri sekunde zangu, naingia. Kausha damu wangejifunza hapo.

Aliyeniokoa ni mzee wa chumba cha pili, aliyewahi kupiga tarumbeta enzi za bendi. Anasema wao walirekodi redioni bendi nzima kwa mpigo, mwenye tarumbeta anasimamishwa mbali, mwimbaji anasogezwa karibu, na mmoja akikosea wote mnarudia huku mnamtazama. Akamwangalia dogo alivyosimama hatua mbili kutoka kwenye maiki kama anaogopa mbwa. "Mwanangu, msogeze." Nikamsogeza. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mwimbaji inapanda kama desibeli 6, na majirani wanabaki palepale. Bure kabisa! Kitu pekee cha bure nilichokutana nacho kwenye kazi hii. Ila akisogea mno herufi "p" zinalipuka, kwa hiyo nikavalisha hanga soksi ndefu ya mama watoto, nikaiweka mbele ya maiki. Kesi ya soksi bado inaendelea, iko nyuma ya kesi ya sare.

Kisha tukahamia kabatini. Si utani. Nguo ndiyo dawa ya mwangwi. Vitenge vya mama watoto, koti la suti nililolivaa siku moja, mablanketi, na godoro nyuma ya mwimbaji. Maiki imefungwa kwenye mpini wa fagio kwa mpira wa baiskeli. Feni marufuku, maana inasikika. Mwezi wa kwanza, Dar es Salaam, dogo anaimba mapenzi kabatini, anatoka amelowa kama ametolewa baharini. Lakini vokali, jamani! Kavu, safi, ziko karibu. Nikataka kulia.

Siku ya kurekodi wimbo wenyewe, biti inaanza, kimya cha nusu sekunde kabla ngoma haijaingia, na mama mwenye nyumba uani akafungua mdomo: "NANI KAACHA BOMBA WAZI?"

Kabati, godoro, vitenge, vyote alivipita. Na akaangukia kwenye biti, sawasawa. Nikamtumia dogo rekodi nikimwambia ile sauti nitaifuta. Akajibu usiku uleule: "Braza usiguse. Hiyo ndiyo nembo ya studio." Maprodyuza wengine wana majina yao mwanzo wa wimbo. Mimi nina bomba.

Wiki mbili baadaye bajaji inapita, wimbo unalia, mama mwenye nyumba amekaa barazani anachambua mchele. Nikaona ungo umesimama. Nikaanza kuhesabu nitahamia wapi na trei zangu.

Jioni akabisha hodi. "Mwanangu, ile sauti yangu kwenye wimbo."

"Mama, nisamehe, nitaitoa."

"Siku ile nilikuwa na mafua. Turudie."

Nikamwingiza kabatini, shikamoo zote, nikamvalisha hedifoni juu ya kilemba. Nyumba nzima ikanyamaza. Anayeikemea yumo kabatini, nani athubutu kufungua bomba? Mita ya sauti ililala chini kuliko siku yoyote tangu nihamie. Nikabonyeza rekodi, nikampa ishara.

"Nani kaacha bomba wazi," akasema, taratibu, kama mgeni anayeomba chumvi.

"Mama, piga kelele kama kawaida yako."

Akavua hedifoni, akatoa kichwa katikati ya vitenge.

"Kwani mimi huwa napiga kelele?"