Niandikie Asilimia

Jana asubuhi mwenye duka la mtaani kwetu alifunua daftari la madeni, akalamba kidole, akafika ukurasa wangu, kisha akavua miwani. Mwenye duka akivua miwani, ujue hakuna unga.

“Jirani, umefika kikomo. Elfu tatu.”

Nikamwambia kikomo ni kitu cha kusogezwa. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa, na abiria wangu hawana siri, kwa hivyo habari za Bunge nazipata bila kununua gazeti. Oktoba 2019 waheshimiwa waliweka kikomo cha deni la taifa: shilingi trilioni 9. Juni 2022 kikawabana, wakakisogeza hadi trilioni 10. Hiyo ni moja yenye sifuri kumi na tatu nyuma yake. Nilijaribu kuiandika kwenye vumbi la kioo cha tuktuk, kioo kikaisha. Mwaka 2023 wakachoka kusogeza-sogeza, wakaitupa ile namba, sasa kipimo ni asilimia 55 ya pato la taifa.

“Basi na mimi usiniandikie elfu tatu,” nikamwambia. “Niandikie asilimia.”

“Asilimia ya nini?”

“Ya pato langu.”

Alicheka mpaka paka wake akashuka kwenye gunia la mchele. Halafu akarudisha miwani, akasema jambo ambalo sijapata jibu lake hadi sasa: “Sikiza, jirani. Serikali ikikosa cha kulipa, inakukata wewe. Wewe ukikosa cha kulipa, mimi nimkate nani?”

Nieleweke, mimi sikatai kukopa. Kwenye dhiki mtu hukopa. Corona ilipoingia mwaka 2020 tulifungiwa Mombasa kama kuku wa wageni. Aprili hakuna kutoka wala kuingia kaunti, saa moja jioni uwe ndani, na treni ya abiria ya SGR ikasimama. Riziki yangu mimi ni ile stesheni ya Miritini! Tuktuk ililala uani mpaka kuku akataga kwenye kiti cha abiria, na wallahi ndilo pato pekee iliyoniletea mwezi ule. Basi Mei tukasikia IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, imetoa dola milioni 739, Benki ya Dunia dola bilioni 1. Nikamwambia mke wangu, “Mama watoto, tumepona.” Nilidhani ni pesa za kufika mpaka Mikindani.

Zikaingia kwenye birika. Hesabu za Wizara ya Afya zilipofika bungeni, zilionyesha kuwa katika fedha za corona kumetengwa shilingi milioni 42 za kukodi ambulensi, milioni 70 za mawasiliano, na milioni 4 za chai na vitafunio. Ambulensi naielewa. Mawasiliano tuseme nayo ni simu na matangazo. Hiyo chai ndiyo iliyoninyima usingizi. Nikawasha koroboi, nikachukua kalamu ya mtoto. Chai ya kibandani shilingi 20, mahamri mawili shilingi 20. Milioni 4 gawa kwa 40, watu laki moja. Mombasa nzima, kwa sensa ya 2019, tuko kama milioni 1.2. Yaani kila watu kumi na wawili, mmoja ameshiba, na mbaazi bado sijaweka! Nikamwamsha mke wangu nimwonyeshe. Akauliza kama nimemwamshia chai ya watu wengine.

Januari 2021 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe akasema kwenye mahojiano ya redio kwamba zaidi ya shilingi bilioni 2 huibwa kila siku. Kila siku, hata Jumapili. Alisema kama mtu anayelalamikia mvua. Mwezi uo huo ule unafuu wa kodi tuliopewa wakati wa corona ukaondolewa, VAT, ile kodi inayokatwa kwenye bidhaa, ikarudi asilimia 16 kutoka 14. Aprili IMF ikakubali kutupa mkopo mwingine wa dola bilioni 2.34, Wakenya wakafurika mitandaoni kuwasihi wasitukopeshe. Hebu niambie, umewahi kuona wapi mdeni anambembeleza mwenye pesa amnyime?

Lakini fundi wa kukopa hasa ni yule anayekopa ili alipe. Mwaka 2014 tulichukua Eurobond, yaani mkopo wa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2, ya kulipwa Juni 2024, riba asilimia 6.875. Siku zikakaribia, mfukoni upepo, basi Februari 2024 wakachukua nyingine ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili wapunguze ile ya kwanza. Shilingi ikapata nguvu, wakubwa wakapongezana. Nikasema, kumbe ndivyo! Nikamwendea shemeji, nikakopa elfu mbili, nikapunguza deni la duka. Siku ile mwenye duka aliniita “mheshimiwa.” Kumbe riba ya shemeji ni kuja kula pilau kwangu kila Ijumaa, na haji peke yake. Nyama ya hiyo pilau nanunua wapi? Kwa mkopo. Sasa nadaiwa na duka, na bucha, na shemeji, na shemeji amenenepa.

Mafuta ya tuktuk nayo, Julai 2023 VAT yake ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na abiria ukimwongezea kumi anakuuliza kama tuktuk imekuwa ndege.

Basi jana nikabaki nimesimama pale dukani, chupa ya mafuta ya kupikia mkononi, tupu. Kwa mzaha tu nikamwambia mwenye duka, “Serikali inakopa, watakaolipa ni watoto. Fungua ukurasa kwa jina la kitinda mimba wangu.” Nikaenda zangu stesheni.

Jioni nimerudi, nakuta ugali mezani. Kitinda mimba, yuko PP2 ya chekechea, hajui hata kufunga viatu, akanirukia mlangoni anameremeta.

“Baba! Jina langu limeandikwa kwenye kitabu cha duka! Ukurasa mzima!”