Nyonga Ikivunjika, Saa Zihesabiwe Tangu Lini?

Mama mkubwa aliteleza uani Jumapili asubuhi akianika nguo. Hospitali tuliyompeleka ilimpiga picha siku hiyo hiyo: shingo ya mfupa wa paja imekatika. Alifanyiwa upasuaji siku ya 12. Katika siku hizo aliambiwa mara nne asitie kitu mdomoni kuanzia saa sita usiku, kwa kuwa kesho yake anaingia chumba cha upasuaji. Mara tatu kati ya hizo, saa tisa au saa kumi alasiri, nesi alikuja na kumwambia kwa upole, "Bibi, leo hatutafika kwako, kunywa chai." Chai ilikuwa kwenye chupa tangu alfajiri. Mara ya tatu nilipommiminia, aliniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Madaktari wamebishana miaka mingi kuhusu saa ngapi mgonjwa wa nyonga anaweza kusubiri, na pande zote mbili zina hoja za kweli.

Wanaotaka haraka wanaanzia kitandani. Mzee aliyelala chali kwa maumivu hakohoi vizuri, kwa hiyo nimonia inampata kirahisi. Damu huganda kwenye mishipa ya miguu. Ngozi ya makalio na visigino huchubuka, kisha huwa vidonda. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa 2011 unataka upasuaji ufanyike siku mgonjwa anapolazwa au kesho yake, na tangu 2010 hospitali za huko zilianza kupewa malipo ya ziada zikimfikisha mezani ndani ya saa 36, pamoja na masharti mengine. Kule Ontario, Kanada, watafiti walipitia kumbukumbu za wagonjwa 42,230 na kuchapisha matokeo 2017. Walipolinganisha watu wenye hali zinazofanana, waliosubiri zaidi ya saa 24 walikufa zaidi ndani ya siku 30: asilimia 6.5, dhidi ya 5.8 kwa waliowahishwa.

Wanaotaka subira hujibu kwamba mara nyingi anayecheleweshwa ndiye aliyekuwa mgonjwa zaidi tangu mwanzo, na hata ukilinganisha kwa makini kiasi gani, hilo halifutiki lote. Kuna mzee anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambaye ukimpasua kabla dawa haijazimwa atavuja damu. Yupo mwenye sukari iliyopanda kupindukia au aliyefika tayari na kifua kibaya. Daktari wa usingizi anayesema "nipeni hadi kesho" kwa mgonjwa wa namna hiyo anamlinda, tena hasa kwenye hospitali isiyo na kitanda cha uangalizi maalumu.

Upande huu uliongezewa nguvu 2020, ulipotoka utafiti wa HIP ATTACK uliofanyika katika hospitali 69 za nchi 17. Wagonjwa 2,970 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likawahishwa, kwa kawaida saa 6 hivi baada ya kugundulika, na jingine likaenda kwa utaratibu wa kila siku, saa 24 hivi. Baada ya siku 90 vifo vilikuwa asilimia 9 na 10, tofauti ndogo mno kuweza kusema haraka iliokoa maisha.

Nimesikia matokeo hayo yakitajwa kama kibali cha kutokuwa na haraka, na hapo sikubaliani kabisa. Waliowahishwa walichanganyikiwa akili kwa uchache zaidi, asilimia 9 dhidi ya 12, wakasimama mapema na kurudi nyumbani mapema. Isitoshe, kundi la "polepole" lilisubiri siku moja. Katika wodi aliyolala mama mkubwa, mguu ukivutwa na kidumu cha maji kilichofungwa kamba mwisho wa kitanda, siku moja ingekuwa miujiza. Utafiti uliopima saa 6 dhidi ya 24 hauwezi kumtetea yeyote aliyemlaza mtu siku 12.

Hata hivyo, jambo gumu kuliko yote nililiona mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Meza ni chache. Kila usiku analetwa kijana wa bodaboda, mfupa wa mguu umetokeza nje ya ngozi, kidonda kimejaa mchanga. Akisubiri, usaha unaingia kwenye mfupa na mguu unaweza kukatwa. Nikiwa mimi ndiye daktari, ningemtanguliza yeye, na mama mkubwa mwenyewe alisema, "Mwacheni mtoto atangulie." Kosa ni kwamba wa kesho naye anatangulia, na wa keshokutwa, na kwa kuwa nyonga haivuji damu machoni pa watu, mzee anashuka chini ya orodha bila mtu yeyote kuamua ashushwe. Ningependa aliyesogezwa mara moja awe wa kwanza asubuhi inayofuata, na anayetaka kumsogeza tena atoe sababu kwa maandishi.

Fedha nazo zina lao. Siku tatu kati ya zile 12 zilikuwa zetu wenyewe: tulikuwa tunachangishana kwa simu hela ya chuma cha kuwekwa kwenye nyonga na kutafuta ndugu wa kutoa damu. Hospitali inayotoa vyuma bure bila kurudishiwa gharama itaishiwa, hilo naliona. Ndiyo sababu naisubiri kwa hamu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya Tanzania ya 2023 imfikie mzee kama huyu siku anapoanguka, kabla michango haijaanza.

Lakini yapo yasiyosubiri bajeti. Sindano ya ganzi kwenye kinena ingempunguzia maumivu tangu siku ya kwanza. Na miongozo ya madaktari wa usingizi huruhusu vinywaji visivyo na maziwa hadi saa mbili kabla ya usingizi, kwa mgonjwa asiye na tatizo la tumbo. Chai ya rangi imo. Mama mkubwa alikaa saa kumi na tano au zaidi na koo kavu, mara tatu, pembeni ya chupa ambayo sehemu kubwa ya muda huo angeweza kuinywa.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Mshono ulipona kwa wiki mbili. Kidonda cha makalio alichokipata akisubiri kilichukua miezi minne. Tulipopewa nakala ya faili lake nililisoma lote: tarehe ya kulazwa ipo, ya upasuaji ipo, na malipo yameandikwa hadi shilingi ya mwisho. Saa aliyoanguka haipo popote.