Mteja akiomba abadilishwe, mshauri afanyeje?

Wanaotetea tiba ya kubadili mwelekeo wa kimapenzi wana hoja moja nisiyoweza kuipuuza: mteja mwenyewe ameomba. Mtu mzima, Mlokole, kaja kwa hiari yake na kusema hataki tena kuvutiwa na wanaume wenzake. Mshauri nasaha ni nani hata amwambie imani yake si kitu?

Hoja hiyo ina uzito, lakini kuheshimu ombi si kuahidi matokeo. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Mwaka 2009 Wamarekani watatu walifanya semina Kampala wakifundisha kwamba shoga hubadilika. Mmoja wao, Don Schmierer, alikuwa kwenye bodi ya Exodus International, shirika la Kikristo la Marekani lililoahidi kuwabadilisha mashoga. Mwaka 2013 shirika hilo likajifunga lenyewe, na rais wake akawaomba radhi waliodhurika. Wenye dawa wamefunga duka, sisi huku Uganda bado tunaichuuza! Yule Mlokole anaweza kusaidiwa kuukabili mgongano wa imani na hisia zake, hata akiamua kuishi bila mpenzi. Asichostahili ni kuuziwa ahadi.

Ugumu wa Uganda uko kwenye sheria. Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023 inairuhusu mahakama kuagiza aliyetiwa hatiani apewe huduma za kumrekebisha, na kosa la kukuza ushoga lina kifungo cha hadi miaka 20. Mshauri akimwambia kijana "wewe si mgonjwa," atajiuliza kama maneno hayo yatasomwa kortini siku moja. Hofu hiyo ina sababu. Hata hivyo sheria haimwamuru aiendeshe tiba hiyo chumbani kwake, na Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha kulazimisha watu kuripoti polisi, ingawa sehemu kubwa ya sheria iliachwa. Kwa hiyo siri ya mteja bado ina pa kusimamia.

Penye utata zaidi ni kwa mzazi. Kamleta kijana wa miaka 19, anajibu maswali yote yeye: "Musawo (daktari), nirudishie mwanangu alivyokuwa." Analipa kwa simu, na baada ya wiki chache anadai ripoti. Hapo maadili yanataka mambo ya kawaida tu: mzazi asubiri nje, kijana aulizwe anataka nini, na mzazi aelezwe mapema kwamba malipo hayanunui yanayosemwa ndani. Faili iandike usingizi, hofu, mawazo ya kujiua kama yapo. Anampenda nani, si lazima iandikwe.

Kuna washauri wanaokwepa kwa kumpeleka kijana kwa mchungaji wa maombezi, wakidhani wamenawa mikono. Hilo naliona baya kuliko kukataa waziwazi, maana mchungaji hafungwi na maadili ya ushauri nasaha, na kijana ataingia huko akiamini ametumwa na mtaalamu.