Mpenzi wa kahawa kwenye chama cha wafanyabiashara: aingie, ila asipige kura kila mahali

Chama cha biashara ya kahawa huwa cha watu ambao kahawa ndiyo riziki yao: wakulima, wasafirishaji, waagizaji, wakaangaji, mabarista, watengenezaji wa mashine. Katika kahawa maalumu, yaani ile ya ubora wa juu, Wamarekani waliunda chama chao mwaka 1982 na Wazungu wa Ulaya wakafuata mwaka 1998, kisha Januari 2017 vyama hivyo viwili vikaungana kuwa SCA (Specialty Coffee Association, chama cha kahawa maalumu). Mlangoni mwa vyama vya aina hii amesimama siku zote mtu wa ridhaa, asiye na gunia la kuuza wala mgahawa wa kuendesha. Anakaanga gramu 200 jikoni kwake, ana mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, ana refraktometa (kifaa cha kupima kiasi cha kahawa kilichoyeyuka kikombeni), na anajua kiasi cha madini kilichomo kwenye maji yake. Ada yuko tayari kulipa. Je, apewe kadi?

Wanaomkataa hupenda kutanguliza suala la siri za biashara, nayo ndiyo hoja yao dhaifu kuliko zote. Kwenye nchi zenye sheria za ushindani, wakaangaji wawili wanaoshindana hawaruhusiwi kukaa kikaoni wakapanga bei. Neno lisiloweza kusemwa mbele ya mnywaji, mara nyingi halikupaswa kusemwa mbele ya mshindani pia.

Hoja yao nzito ni nyingine: nani anaumia uamuzi ukiwa mbaya? Chukua upangaji wa madaraja ya kahawa mbichi. Kwa utaratibu uliozoeleka wa kahawa maalumu, sampuli ya gramu 350 haitakiwi kuwa na kasoro hata moja ya kundi la kwanza, kama punje nyeusi kabisa au iliyochacha kabisa. Kasoro za kundi la pili, zilizo ndogo zaidi, zisizidi tano kamili, na punje tano zilizovunjika huhesabiwa kasoro moja. Mpenzi wa kahawa anayechagua gramu 200 mezani kwa dakika chache ataona kiwango hicho kimelegea mno, na atapendekeza mbili badala ya tano. Kwake hilo halina gharama. Lakini kontena moja hubeba takriban magunia 320 ya kilo 60, yaani zaidi ya tani 19. Kila asilimia moja inayotupwa kwenye uchaguzi wa ziada ni kilo 192, pamoja na ujira wa wachaguaji, na kwa kawaida mzigo huo humshukia mkulima au kiwanda cha kuoshea kahawa kwa sababu ndio wenye nguvu ndogo ya kubishana. Unyevu nao ni vivyo hivyo. Kahawa ikivuka asilimia 12 inakaribisha ukungu safarini. Ikikaushwa chini ya 10, uzito umepotea na ladha hufifia upesi. Anayetaka kuubana zaidi ukanda huo mwembamba awe miongoni mwa watakaolipia kukosea.

Hata hivyo, upande wa uandaaji wa kinywaji hadithi hugeuka, na hapa wenye taaluma wanapaswa kunyenyekea kidogo. Mwaka 2005 John Weiss, mpenzi wa espreso wa nyumbani, alieleza njia yake ya kukoroga unga kwa sindano ndani ya kikapu, yaani kichujio cha chuma cha mashine, kabla ya kuushindilia. Tatizo alilolilenga lilikuwa mabonge. Unga ukiwa na mabonge, maji yanayosukumwa kwa shinikizo la baa 9 hutafuta penye upenyo na kupita hapo hapo. Eneo hilo hukamuliwa kupita kiasi huku jingine likiguswa kidogo tu, na kikombe kimoja kinakuwa na uchungu na ukali kwa pamoja. Dawa yake ni sindano nyembamba, chini ya nusu milimita, inayozungushwa kuanzia chini ya kikapu kupanda juu, kisha unga unasawazishwa na kushindiliwa. Leo utaiona sindano hiyo kwenye majukwaa ya mashindano ya mabarista.

Miaka hiyo hiyo David Ross, naye mtu wa nyumbani, alieneza desturi ya kuzilowesha punje kwa tone moja au mawili kabla ya kuzisaga ili kupunguza umeme tuli unaofanya unga ung'ang'anie kinu. Wengi waliicheka. Desemba 2023 wanasayansi, wakiwemo wataalamu wa majivu ya volkano, walichapisha katika jarida la Matter utafiti ulioonyesha kwamba maji hayo hupunguza kweli chaji inayozalishwa wakati wa kusaga, na kwamba unga unashikana kidogo zaidi.

Watu hao waliona mambo hayo kwa sababu walikuwa na muda, waliandaa vikombe viwili au vitatu kwa siku, na hawakuwa na mkataba na mtengenezaji wa vinu. Lakini wingi huo wa muda ndio unaowapotosha pia. Kukoroga kwa sindano kunakula sekunde 15. Barista anayetoa vikombe 60 kwa saa atakuwa amepoteza dakika 15 kati ya 60, na foleni haisubiri. Kwake pengine jibu ni kinu kisichotoa mabonge. Mtu wa nyumbani akiipendekeza sindano iwe kanuni ya kila mgahawa, hajakosea fizikia, amekosea hesabu ya kazi.

Kuna wanaosema aingie kwa kuwa ndiye sauti ya mnywaji. Sikubaliani nao. Wanywaji wengi hutia maziwa au sukari na hawajawahi kuona refraktometa. Elimu ya vionjo hutofautisha waonjaji waliofunzwa, wanaoeleza kilichomo kikombeni, na watu wa kawaida, wanaosema wamekipenda au la. Mfumo mpya wa SCA wa kutathmini kahawa, ulioanza kutolewa mwaka 2023 kuchukua nafasi ya fomu ya kuonjea ya mwaka 2004, umezitenga kazi hizo mbili kwenye fomu tofauti. Mpenzi wa kahawa hana pa kukaa vizuri: amejifunza mno kuwakilisha wa kawaida, na alama zake hazijalinganishwa na za waonjaji wenzake kiasi cha kuaminiwa kama mtaalamu. La pili linatibika. Anaweza kujifunza kuonja kwa utaratibu: gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93, vikombe vitano kwa kila sampuli, utando wa unga unaoelea juu unavunjwa baada ya dakika tatu hadi tano. Alama zake zikikaribiana na za wengine mara kwa mara, hakuna haja ya kumuuliza mshahara wake unatoka wapi.

Hatari ninayoiona kubwa kuliko zote hutajwa mara chache, nayo ni idadi. Wapenzi wa kahawa ni wengi kuliko waagizaji. Wakijaa kwenye maonyesho ya chama, wauzaji wa mashine za nyumbani watafuata umati na udhamini utahamia huko, na msafirishaji aliyekuja kutafuta mnunuzi wa kontena atashinda akijibu maombi ya kilo moja. Saa za wazi kwa umma, tofauti na saa za biashara, hupunguza tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo napendekeza uanachama wa daraja lake. Asipige kura kwenye uchaguzi wa viongozi wala viwango vya kahawa mbichi. Kwenye kamati za maji, usagaji na uandaaji, apewe kiti na kura kamili, kwa sharti kwamba pendekezo lolote lije na vipimo. Mwonjaji apewe vikombe vitatu visivyo na alama, viwili vikiwa sawa, ataje kilicho tofauti. Kubahatisha humpa moja kati ya tatu. Katika majaribio 12 anahitaji kupatia angalau 8 ndipo tuseme tofauti ipo. Anayepewa mashine bure na mtengenezaji aseme hivyo kabla ya kufungua mdomo. Wenye taaluma nao wabanwe vivyo hivyo, maana wao hupewa nyingi zaidi.

Anabaki yule wa katikati, anayekaanga kilo 10 kila wikendi na kuwauzia majirani. Leseni haitoshi kumtambua, kwa kuwa wapo watakaoisajili ili wapate bei ya jumla tu. Kipimo bora ni mauzo ya mwaka mzima, yaliyothibitishwa kwa risiti za kahawa mbichi aliyonunua, na daraja lake lipitiwe upya kila anapolipia ada.