Elinor Ostrom na Ziwa Tanganyika: nani aamue ziwa lifungwe?

Tarehe 15 Mei 2024 serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wetu wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Kigoma nzima iliguswa, kuanzia Kibirizi na Katonga hadi mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, ya Uvinza. Wapo walioona hatua hiyo imechelewa, maana dagaa na migebuka wamekuwa wakipungua mbele ya macho yetu. Wapo pia walioona wamefungiwa riziki kwa uamuzi ulioshuka kutoka juu. Pande zote mbili zina hoja nzito, na msomi aliyenisaidia kuzipima vizuri zaidi ni Elinor Ostrom, Mmarekani aliyefariki mwaka 2012 baada ya kutumia karibu nusu karne kuchunguza namna watu wanavyosimamia mali ambayo si ya mtu mmoja.

Mjadala aliouingia ulikuwa umepata umbo mwaka 1968, pale mwanabiolojia Garrett Hardin alipotoa mfano wa malisho ya wote. Kila mfugaji anaongeza ng'ombe, kwa kuwa faida ya ng'ombe yule ni yake peke yake ilhali hasara ya nyasi kuisha inagawanywa kwa wote. Mwisho nyasi zinakwisha. Dawa zilizotokana na hoja hiyo zilikuwa mbili: serikali ishike usukani, au mali igawiwe watu binafsi. Ostrom hakukana kwamba uharibifu wa namna hiyo hutokea. Alichokataa ni kwamba lazima utokee, na kwamba watumiaji wenyewe hawana uwezo wa kujitoa humo.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1933, katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Alipotaka kusomea shahada ya uzamivu ya uchumi alizuiwa kwa kukosa hisabati ya kutosha, hisabati ambayo shuleni hakuruhusiwa kuisoma kwa sababu alikuwa msichana. Akaingia sayansi ya siasa. Tasnifu yake ya 1965 ilihusu maji ya chini ya ardhi kusini mwa California, ambako kila mtu alikuwa akivuta maji kwa pampu yake hadi maji ya bahari yakaanza kupenya. Watumiaji walikutana, wakafikishana mahakamani, wakakubaliana viwango na kuunda vyombo vya kuvisimamia. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, fani ileile iliyomfungia mlango, na fedha za tuzo akazitoa kwa kituo cha utafiti alichokianzisha na mumewe Vincent katika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1973.

Wengi wanamjua kwa malisho na misitu. Mimi naona kazi yake kuhusu polisi ndiyo inayotufaa zaidi sisi tunaojali utawala wa umma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wengi wa Marekani waliamini kwamba vikosi vidogo vya polisi vya miji midogo ni upotevu wa fedha, na kwamba vikiunganishwa huduma itakuwa bora. Ostrom na wanafunzi wake wakaenda kuwauliza wakazi wa vitongoji vya Indianapolis. Vikosi vidogo vilihudumia watu wao sawa na polisi wa jiji kubwa, au vizuri zaidi. Tafiti zilizofuata katika miji mingine zikaongeza jambo la muhimu: doria na kuitikia wito wa raia hufanywa vizuri na kikosi cha karibu, lakini maabara ya uchunguzi wa jinai huhitaji eneo kubwa na fedha nyingi. Kwa hiyo hakusema kidogo ni kizuri siku zote. Alisema kila kazi ina ukubwa wake, na mtawala mwenye busara huuliza kwanza ni kazi gani kabla ya kuuliza ni nani aifanye.

Miaka hiyohiyo Tanzania ilikuwa ikielekea kwingine. Mwaka 1972 mpango wa madaraka mikoani uliziondoa halmashauri na kuwapa watendaji wa serikali kuu kazi zake. Jina lilisema madaraka yanashuka, lakini kilichoshuka zaidi kilikuwa watumishi wa wizara. Sheria za 1982 zikarudisha serikali za mitaa, zikaanza kazi mwaka 1984. Historia hiyo ni lazima ikumbukwe kila tunaposikia kwamba uvuvi sasa ni "shirikishi".

Maana kwenye karatasi Ostrom tayari yupo Kigoma. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 zinatambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile ambavyo kila mtu mwaloni anaviita BMU. Vinatakiwa kusaidia doria, kukusanya takwimu, kusimamia usafi wa mwalo na kuripoti nyavu haramu. Hizo ni kazi. Ukisoma kitabu cha Ostrom cha 1990, alichokikuta katika jumuiya zilizodumu si kazi peke yake. Wanaofuata kanuni wana sauti katika kuzitunga na kuzibadilisha. Adhabu huanza ndogo na kukua kwa anayerudia. Msimamizi wa kanuni anawajibika kwa watumiaji. Na serikali haiwavurugi.

Mfano wake wa Alanya, Uturuki, unanikaa moyoni kwa kuwa ni wa wavuvi. Pale kila aliyepata nafasi alikimbilia sehemu nzuri, ikawa ugomvi na mapigano. Kuanzia miaka ya 1970 wakaorodhesha sehemu zote za kutegea, wakagawana kwa kura ya bahati nasibu kila Septemba, na kila siku chombo kikahamia sehemu inayofuata upande wa mashariki, kisha kuanzia Januari wakageuza kuelekea magharibi. Aliyekuwa na zamu ya sehemu nzuri ndiye mlinzi wake bila kulipwa posho, kwa sababu mvamizi angemharibia siku yake. Hakuna ofisa wa makao makuu ambaye angeweza kubuni mpangilio ule, kwa kuwa hajui miamba ile.

Hapa ndipo wapenzi wa Ostrom, nami nikiwemo, tunapaswa kumsikiliza mtetezi wa serikali. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi na linagawanywa na nchi nne: Kongo yenye asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Dagaa hana uraia. Kundi linaloacha kuvuliwa Kagunga, kijiji chetu cha mpakani, linaweza kuvuliwa Burundi. Jumuiya nyingi alizozisifu Ostrom zilikuwa ndogo, zenye mipaka inayoonekana na watu wanaofahamiana. Hata humu nchini mfano unaotajwa sana ni msitu wa Duru-Haitemba kule Babati, ambao vijiji vilikabidhiwa miaka ya 1990 na vikauhifadhi. Mti hauhami usiku. Na Ostrom mwenyewe aliandika kuhusu ghuba ya Izmir, palepale Uturuki, ambako wavuvi walikuwa wengi mno na wa makundi tofauti mno, wakashindwa kuelewana. Ukiangalia mialo yetu, yenye wenye vipe (vyombo vya uvuvi), vibarua wao, wageni wa msimu na wachuuzi, Izmir iko karibu kuliko Alanya.

Hoja nyingine ya upande huo ni nzito vilevile. Mamlaka ya kijijini si lazima yawe ya haki. Mwenye vyombo vingi ana sauti kubwa kwenye mkutano wa mwalo kuliko kibarua anayegawiwa fungu la samaki, na kuliko mama anayeanika dagaa mchangani. Ukimkabidhi tajiri wa mwalo uwezo wa kutunga kanuni, unaweza kuwa umehalalisha ubabe tu.

Kuna pia jambo linalozisumbua pande zote mbili. Mwaka 2003 timu iliyoongozwa na Catherine O'Reilly ilionyesha kwamba ziwa linapata joto, tabaka la juu linakuwa jepesi na halichanganyiki vizuri na maji ya chini, kwa hiyo rutuba haipandi. Walikadiria uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Mwaka 2016 utafiti wa mashapo ya chini ya ziwa ulioongozwa na Andrew Cohen ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Kokoro na nyavu za macho madogo zinaharibu, hilo sina shaka nalo, ila hatuwezi kumtupia mvuvi lawama yote.

Nikizipima hoja hizi, nakubali kwamba kufunga ziwa zima ni kazi ya dola, tena ya nchi nne kwa pamoja kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyoko Bujumbura, iliyotokana na mkataba wa 2003. Hiyo ndiyo maabara ya jinai katika mfano wa polisi. Utafiti wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, nao uko huko juu. Lakini doria ni ya mwaloni, na kanuni za mwaloni zitungwe mwaloni. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza na taa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawavutwi na taa vizuri, vyombo vingi vinapumzika. Mapumziko hayo ya kila mwezi yapo tayari, na anayeyajua ni mvuvi. Kamati inayopanga miezi ya kufunga isiyoanza na maarifa hayo inajinyima msaada mkubwa.

Njia ya kisheria nayo ipo. Serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo na kuipeleka halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. BMU ya Kagunga au ya Kalya ingeweza kupeleka humo viwango vyake: onyo kwa mara ya kwanza, faini ndogo mara ya pili, chombo kuzuiwa mara ya tatu, pamoja na viti vya lazima kwa vibarua na wanawake waanikaji ili mwenye kipe asiamue peke yake. Kinachotakiwa ni halmashauri za Kigoma na Uvinza kuzipokea rasimu hizo na kuzijibu kwa maandishi ndani ya muda unaojulikana, kabla ziwa halijafungwa tena.