"Hiyo Ina Alama Ngapi?"

Wiki jana mtu alibandika tangazo kwenye kikundi cha WhatsApp cha idara yetu: feloshipu, yaani ufadhili, ya mwaka mmoja kwa wahadhiri wanaotaka kuboresha ufundishaji wao na kuufanyia utafiti. Sijamaliza hata kulisoma, jibu la kwanza likaingia: "Hiyo ina alama ngapi za kupandishwa cheo?" Wengine wakacheka. Mjadala ukafia hapo, tukarudi kwenye mchango wa matanga.

Nilikasirika. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba aliyeuliza hakukosea. Ameishi chuoni miaka mingi, anajua kinachohesabika.

Hebu fikiria. Ukitaka kufundisha Gredi ya 1 pale Kawangware, TSC, tume ya kuajiri walimu, haikusajili kama hukusomea ualimu. Ukitaka kufundisha uhandisi au sheria chuo kikuu, utaulizwa uzamifu (PhD) na makala uliyochapisha kwenye majarida. Kama unaweza kusimama mbele ya watu ukaeleweka, hiyo ni siri yako na Mola wako. Mpwa wangu anasomea utawala wa umma katika chuo ambacho sitakitaja, na mwezi uliopita alinionyesha kwenye simu noti walizopewa. Kenya, kwa mujibu wa noti hizo, ina mikoa minane na wakuu wa mikoa. Mikoa hiyo ilishaondolewa, na serikali za kaunti zilianza 2013! Kijana anazikariri hivyo hivyo kwa sababu ndivyo mtihani utakavyouliza. Aliyeziandika huenda ni msomi hodari na ana makala za kujaza kabati, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu noti zake.

Sasa nieleze kwa nini kicheko kile kiliniuma. Kuna mwenzangu anayefundisha takwimu. Alichoka kusahihisha mitihani ile ile yenye makosa yale yale, akaanza kugawa vikaratasi mwishoni mwa kila kipindi: andika kitu kimoja ambacho hukukielewa, usiandike jina. Alitarajia walalamikie fomula. Kumbe shida ilikuwa nyuma zaidi. Wanafunzi wengi hawakujua kwamba 1.96, ile namba inayojirudia kwenye fomula zake, inatoka kwenye jedwali lililo mwisho wa kitabu. Walidhani ni namba anayoipenda mwalimu tu, kama mtu anavyopenda namba fulani ya jezi. Muhula mzima walikuwa wakiinakili kwa utiifu! Akabadilisha mpangilio wa somo, akawafundisha kusoma jedwali kabla ya fomula, akalinganisha majibu ya darasa lile na la mwaka uliotangulia. Aliweka rekodi nzuri, akaandika ripoti, akaipeleka kwa wakubwa. Akaambiwa, "Mama, hii ni kazi nzuri, lakini si utafiti."

Si utafiti! Ana swali, ana data, ana ulinganisho, ana matokeo yanayoweza kumsaidia mhadhiri mwingine wa takwimu kesho asubuhi. Mmarekani Ernest Boyer aliandika mwaka 1990 kwamba kufundisha ni sehemu ya usomi sawa na ugunduzi. Kanada imekuwa ikiwatunuku wahadhiri feloshipu za kitaifa za ufundishaji tangu 1986, Uingereza tangu 2000. Sisi bado tunauliza ina alama ngapi.

Nikubali, kwa shingo upande, kwamba feloshipu zenyewe si ngeni hapa. CARTA, muungano wa vyuo na vituo vya utafiti ulioanzishwa 2008, ambao APHRC, kituo cha utafiti cha hapa hapa Nairobi, ni mmoja wa viongozi wake, umekuwa ukiwashika mkono wahadhiri wa Afrika wanaosomea uzamifu. Ule mpango wa shirika la Carnegie la Marekani ulioanza 2013 umewaleta wasomi Waafrika walioko Marekani na Kanada kwa siku 14 hadi 90, wakae na wenzao waandike mitaala na kulea wanafunzi wa uzamili. Ni mipango mizuri, sina ugomvi nayo. Lakini mgeni wa siku 90 huondoka, na darasa la Jumatatu saa mbili asubuhi linabaki na yule yule.

Najua mtakachosema: tulipwe kwanza. Kweli kabisa. Mgomo wetu wahadhiri wa 2025 ulikula siku 49 kwa sababu ya shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021, na mtu anayedai haki yake ya miaka hiyo yote hana moyo wa kugawa vikaratasi. Lakini wanafunzi waliokaa nyumbani siku hizo nao wana madai yao, na hawana chama cha kuwapigania. Na wale wa Gredi ya 10 ya mtaala mpya walioanza Januari 2026 wanatufikia 2029, wakiwa wamezoea kuulizwa wanafikiri nini. Tutawasomea noti?

Kwa hiyo wafadhili, kama mnanisoma, acheni kutuma hela za semina kwenye hoteli za Naivasha. Tumeshakula keki za saa nne vya kutosha. Anachokosa mhadhiri ni muda. Huyo wa takwimu alifanya kazi yake usiku, na mzigo wa madarasa haukupungua hata saa moja. Feloshipu isitolewe mpaka mkuu wa idara atie sahihi barua inayosema ni somo gani anaondolewa, na matokeo yake yatahesabiwa vipi siku ya kupandishwa cheo. Barua hiyo imtaje na mhadhiri wa muda atakayelishika somo hilo. Naye alipwe. Nimesema alipwe, si aahidiwe.