Mshauri naye huogopa kukitaja kifo

Mshauri wa jamii anayejifunza tiba ya watoto waliofiwa huyashika mazoezi ya pumzi mapema. Hukwama pale mtoto anapotakiwa kusimulia siku ya msiba. Ataongeza kipindi kingine cha kupumua, atarudia somo la hisia, kisha atamwambia msimamizi wake kwamba mtoto hajawa tayari. Mara nyingi mwenye hofu ni mshauri.

Tiba yenyewe, ya fikra na tabia kwa watoto wenye kiwewe, ilibuniwa Marekani. Moshi (Tanzania) na Bungoma (Kenya), mjini na vijijini, ilijaribiwa kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, ikitolewa na watu wasiokuwa wataalamu wa afya ya akili: vipindi 12 vya kikundi, walezi wakiwa na kikundi chao, na vichache vya mtoto mmoja mmoja kwa ajili ya simulizi. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Tiba ilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne watoto waliopewa tiba hiyo walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao wa huduma za kawaida.

Kwetu mtoto huambiwa baba amesafiri, na akilia hunyamazishwa. Mshauri amelelewa hivyo hivyo, na pengine ana msiba wake ambao hajawahi kuusimulia. Kwa hiyo darasani, mshauri anapoigiza kipindi na mwenzake, igizo lianzie hapo hapo panapotisha. Atamke wazi: "Mama yako alikufa. Siku ile ilianzaje?" Lakini kwa mtoto mwenyewe, simulizi ianze na jambo zuri alilofanya pamoja na marehemu, isogee hadi ugonjwa, kisha siku yenyewe, na mwishoni kile kipande kigumu kuliko vyote. Kila kipande mtoto aipime hofu yake, 0 hadi 10.

Kosa kubwa ni kusimama hofu ikiwa 8. Mtoto huondoka akiamini kumbukumbu ile kweli haivumiliki, na wiki ijayo hafungui mdomo. Kipande kirudiwe polepole mpaka hofu ishuke. Na akisema "ningemletea maji asingekufa," usikimbilie kumfariji kwa "Mungu alimpenda zaidi." Andika maneno yake kama alivyoyasema, hatia hiyo itashughulikiwa simulizi ikishakamilika.

Msimamizi asiulize kila wiki kama kipindi kilikwenda vizuri. Aulize mtoto alisema nini, neno kwa neno, na hofu ilianza ngapi ikaishia ngapi. Wafadhili hupenda kulipia semina. Mimi ningepunguza siku za darasani, fedha hizo zimlipe msimamizi mwaka mzima.